Tulinagwe Yotamu Mwakatundu, Mkamwana Aliyesikiwa Ngonga

Marehemu Tulinagwe Yotamu Mwakatundu alizaliwa sokoni. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, siku ya gulio la Lyulilo pale Matema, ambako wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Mama yake, Jubilate, alikuwa ametoka Ikombe asubuhi na mzigo wake, akiamini kwamba siku zake bado. Uchungu ulipomshika, wafinyanzi wenzake walimzungushia vitenge wakawa ukuta, na wengine wakaendelea kuuza vyungu vyake kwa niaba yake ili asirudi nyumbani na hasara juu ya uchovu. Mtoto alipolia, inasemekana mnunuzi mmoja wa Kyela aliacha kupatana bei akalipa alichoambiwa. Ndugu zake walipenda kusema kwamba aliyezaliwa katikati ya makelele ya gulio hawezi kujua kunong'ona. Kweli hakujua, hata kanisani.

Baba yake, mzee Yotamu, alikuwa mvuvi wa usipa na mbasa, mtu mpole ambaye nyumbani alisema kidogo kwa sababu hakupewa nafasi. Tulinagwe alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alijifunza kufinyanga akiwa mdogo, lakini mama yake alisema vyungu vya Tulinagwe vilikuwa na midomo mipana mno, kama mwenyewe. Utani huo aliubeba maisha yake yote na alikuwa wa kwanza kuucheka.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1972 na kumaliza darasa la saba mwaka 1978. Kila siku alifuata njia ya ufukoni, na masika, mito iliposhuka kwa hasira kutoka milima ya Livingstone, watoto wa Ikombe walichelewa shule kwa pamoja na kwa pamoja wakangojea adhabu. Tulinagwe ndiye aliyekuwa akisimama kuwaeleza walimu sababu. Wenzake walimpenda kwa hilo, ingawa maelezo yake yalikuwa marefu kiasi kwamba mara nyingine adhabu ingekuwa fupi kuliko utetezi. Alichaguliwa kuendelea na sekondari ya wasichana mkoani Mbeya, ambako alisoma kuanzia 1979 hadi 1982. Baridi ya huko ilimtesa, mtoto wa ziwani, na aliwahi kusema kwamba kwa miaka minne alilala amevaa kila nguo aliyokuwa nayo. Baadaye alijiunga na chuo cha maendeleo ya jamii, akahitimu mwaka 1985.

Julai mwaka huohuo aliajiriwa kuwa afisa maendeleo ya jamii, bibi maendeleo kama watu walivyomwita, akapangiwa Kata ya Ngonga, wilayani Kyela. Kazi za mwanzo zilikuwa za kupita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, mashimo ya taka na vichanja vya kukaushia vyombo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba, na Kinyakyusa chake kilikuwa na lafudhi ya Kikisi iliyowachekesha watu. Hakuona haya. Alipofika kwa mzee Ambrose Mwakatundu, mkulima wa mpunga na kokoa aliyeheshimika sana pale kijijini, alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi, akamwambia mzee mbele ya watoto wake kwamba mtu mwenye kokoa nyingi namna ile hastahili choo cha aina ile. Watoto wake walitazama chini. Aliyekuwa akitazama juu ni mmoja tu, kijana mkubwa, Yusto.

Yusto alichimba choo kipya ndani ya juma hilo, akajenga na kichanja, kisha akaenda ofisini kumwomba bibi maendeleo aje kukagua. Alikuja. Baada ya siku chache Yusto alirudi kuomba kikaguliwe tena kwa kuwa ameongeza ngazi ya pili. Kichanja kile kilikaguliwa kuliko daraja lolote la wilaya hii. Walifunga ndoa takatifu Ngonga, Jumamosi ya tarehe 18 Juni 1988, na Mungu akawajalia watoto watatu: Gwamaka, Tuntufye na Tusajigwe.

Hapa lazima ielezwe desturi moja, maana bila hiyo maisha ya marehemu hayawezi kueleweka. Katika ukoo wa Mwakatundu, kama ilivyokuwa katika koo nyingi za Kinyakyusa tangu zamani, mkamwana humheshimu baba mkwe wake kwa kumwepuka. Hamtazami usoni, hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana bila kutarajia huchutama na kujifunika mpaka apite. Wenyewe huita kutila. Familia nyingi za kanisani zimekwisha kuilegeza. Ukoo huu haukuilegeza, na wala si kwa ukali, kwa sababu baba mkwe naye ana wajibu wake. Mzee Ambrose alikuwa akikohoa kabla ya kukata kila kona, ili mkamwana wake asifadhaike. Alipita njia ya mbali kwenda shambani miaka yote ili amwachie njia ya karibu.

Kwa hiyo tangu siku ya uchumba wao, Tulinagwe hakusema tena neno moja kwa mzee yule. Maneno ya mwisho aliyokuwa amemwambia uso kwa uso yalikuwa ya choo. Jambo hilo lilimuuma, na alilisema wazi kwa mume wake: kwamba angetamani angalau yangekuwa ya heri. Alimpenda mzee sana. Akipata mbasa mzuri kutoka kwao Matema, kichwa kilikwenda kwa mzee kwanza. Mzee naye alituma ndizi, alituma mchele mpya wa msimu, alituma salamu, na vyote vilipitia kwa mke wake, mama Anyisile, aliyesimama katikati yao kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 2017 ikaja kazi ambayo wengi mliopo hapa mnamkumbuka kwayo. Serikali ilitangaza ruzuku ya kujenga uongozi na uwezo wa jamii, na Tulinagwe akaiombea kata yake. Ngonga ilipopata, watu walifurahi hadi walipoambiwa ruzuku yenyewe ni ya nini. Haikuwa ya mabati wala saruji. Ilikuwa ya kuwafundisha wananchi kuongoza mikutano, kupanga mipango yao na kuulizia mali yao ya umma. Kijiweni walisema Serikali sasa inagawa maneno, kana kwamba kwa bibi maendeleo maneno yamepungua. Wazee wakamtuma mtendaji amuulize kama haiwezi kubadilishwa iwe pampu.

Alilijibu hilo kwenye kikao cha kata, na jibu lake limebaki. Alisema, "Pampu tulipewa. Iko pale, na ina miaka mitano haijatoa tone. Haikufa kwa kutu. Ilikufa kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza ufunguo wa kibanda chake anao nani."

Mafunzo yalifanyika Kyela mjini, katika ukumbi wa kukodi pale Bondeni, chini ya mwezeshaji kutoka mkoani aliyeitwa Nancy. Washiriki wengi walikuwa wanawake walioolewa Ngonga. Siku mbili za kwanza walikuwa wazito, lakini ya tatu iliwakuta wakinyang'anyana nafasi ya kusema. Lusungu, mama wa watoto wanne ambaye hakuna aliyewahi kusikia sauti yake hadharani, aliongoza mkutano wa majaribio kwa ukakamavu hadi Nancy akaweka kalamu chini akawa anamtazama. Tulinagwe alirudi nyumbani kila jioni akiimba. Wanawake walipomuuliza itakuwaje siku ya kusema mbele ya kijiji, aliwajibu, "Kazi ya Serikali haina mkwe." Alilipenda neno hilo, akalirudia mara nyingi.

Kosa lake lilikuwa pale, na yeye mwenyewe alilisimulia baadaye kwa kila aliyetaka kujifunza. Yeye alikuwa mtu wa ofisi. Alizoea kusema katika vijiji vyote vya kata, na katika kijiji cha mume wake mikutano iliitishwa na mtendaji, basi hakuwahi kujikuta yeye na baba mkwe wake mahali pamoja pa kusemea. Desturi aliishika nyumbani kwa uaminifu, na kazi akaifanya kazini kwa uaminifu, na hakuwahi kuona kwamba ni mtu yuleyule anayepita katika milango miwili. Ulipofika mkutano wa hadhara wa kuonyesha matunda ya ruzuku, aliupanga kijijini hapahapa, mbele ya ghala la mpunga, na akawaalika wazee wote kwa heshima, wakae mstari wa mbele.

Wazee walikuja. Wageni wa mkoa walikuja. Lusungu akaitwa afungue. Alisimama vizuri, akavuta pumzi, akaona miguu ya baba mkwe wake, mzee Andongwisye, hatua chache mbele yake. Akavuta kitenge kichwani, akachutama. Akaitwa wa pili, naye akachutama kabla hata hajafika mbele. Wa tatu hakuinuka. Wageni walianza kutazamana. Tulinagwe, akiona jahazi linazama, aliinuka mwenyewe kuokoa hali, kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani, akafungua kinywa kuwasalimu watu. Mstari wa mbele, katikati, alikuwa mzee Ambrose. Alikuwa amevaa koti lake la ndoa za watu. Alikuja kwa fahari kumwona mkamwana wake akifanya kazi ya Serikali, na yeye pia hakuwa amefikiri mbele ya hapo.

Mwanamke aliyezaliwa gulioni alikosa sauti. Alichutama chini mbele ya mkoa na wilaya, akajifunika uso kwa mtandio, akabaki hapo mpaka mzee alipoinuka na kuondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Mkutano uliisha hivyo. Nancy hakuwa mtu mbaya, lakini alilazimika kuandika alichokiona, yaani kwamba waliofundishwa hawakuweza kusema. Awamu ya pili ya ruzuku, ile ya kuunda kamati zenyewe na kuzisimamia hadi zijitegemee, ingehamishiwa kata nyingine. Kwa kumwonea huruma, aliahidi kurudi baada ya wiki tatu kwa mkutano mmoja wa mwisho. Habari zilifika Kasumulu kabla ya wageni kufika Mbeya, na wafanyabiashara wa mpakani wakaita yale mafunzo ya ububu. Wanawake waliona aibu kwenda kisimani. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba wamedhalilishwa, wamekalishwa kuwakodolea macho wake za wana wao. Na Tulinagwe, ambaye kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amewaambia watu wa Ngonga wasimame, alimwambia mume wake kwamba ataomba uhamisho. Alisema hawezi kuwafundisha wengine jambo ambalo miguu yake mwenyewe imelikataa.

Yusto hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba kabla ya kuandika barua hiyo, aende kwa mama mkwe wake.

Alikwenda na samaki, akaingia jikoni kwa mama Anyisile. Mzee alikuwa upande wa pili wa ukuta, kibarazani, akitia mpini jembe. Kila mmoja alijua mwenzake yupo. Tulinagwe akapandisha sauti kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliye naye jikoni.

"Mama, naomba umuulize baba kama nilimvunjia heshima."

Mama Anyisile akageukia ukuta akarudia swali, neno kwa neno, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie hakunivunjia," mzee alijibu. "Nilivaa koti kwenda kumsikiliza, nikarudi na koti langu sikusikia kitu. Hilo ndilo lililoniuma."

Mama Anyisile akaanza kulirudia, akaishia katikati. "Mmesikiana," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa redio yenu, betri zimekwisha."

Kibarazani jembe likawekwa chini. Kisha mzee akasema, akiuambia ukuta, "Mkamwana hatazamwi. Lakini nani alisema hasikiwi?"

Tulinagwe alilia pale jikoni, juu ya samaki ambaye hajaparwa magamba. Hakwenda kuandika barua. Siku zilizofuata mzee Ambrose alionekana akitembelea nyumba za wazee wenzake moja baada ya nyingine, kuanzia kwa mzee Andongwisye, ambako alikaa hadi chakula kikapikwa. Alichowaambia hakikujulikana hadi siku ya mkutano.

Siku hiyo wazee walifika mapema kuliko watu wote. Kila mmoja alichukua kiti chake, akakigeuza, akaketi akitazama mashamba ya mpunga, mgongo wake ukiwaelekea wanaokuja kusema. Nancy alipofika na wageni wake alishtuka sana. Alidhani wazee wamegoma, akataka kwenda kuwabembeleza. Tulinagwe alimshika mkono, akamweleza kwamba ile ilikuwa heshima kubwa kuliko yoyote ambayo Ngonga ingeweza kuwapa wanawake wake, na kwamba asiiguse.

Lusungu akasimama. Safari hii hapakuwa na uso wa kumkwepa, palikuwa na migongo. Sauti yake ilitetemeka kwenye salamu, ikatulia kwenye ajenda, na alipofika kwenye maji akauliza swali ambalo kijiji kizima kililikwepa kwa miaka mitano: ufunguo wa kibanda cha pampu anao nani?

Mzee Andongwisye, baba mkwe wake, alikohoa. Akauambia mpunga uliokuwa mbele yake, "Ufunguo ninao mimi. Nilipewa niutunze, na hakuna aliyewahi kuuulizia."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na wazee migongo yao ikitikisika nao walikuwa wanacheka. Baada ya hapo wanawake walisema kana kwamba wamerudi Bondeni. Aliyefunga alikuwa Tulinagwe. Alisimama nyuma ya kiti cha baba mkwe wake, akaeleza mipango ya kata kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa chake chenye Kikisi ndani, bila kusitasita, na alipomaliza aliomba radhi hadharani kwa mkutano wa kwanza na kwa kuwaweka wazee na wake za wana wao mahali pabaya. Watu walingoja kuona kitakachotokea. Mzee Ambrose hakugeuka. Alisema "Ndaga fijo", akiyaambia mashamba, kwa sauti ambayo hata wa nyuma kabisa waliisikia. Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao mbele ya watu tangu yale ya choo, na marehemu alisema kwamba hakuna cheti alichowahi kupewa kilichomfikia moyoni kama shukrani ile.

Ruzuku ilibaki Ngonga. Pampu ilitengenezwa, na mzee Andongwisye akawa mlinzi wake rasmi kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uzoefu zaidi. Lusungu aliingia halmashauri ya kijiji mwaka 2019, na wengine wakamfuata. Si kila kitu kilinyooka: kamati moja ilivunjika kwa ugomvi, nyingine ililala usingizi kwa mwaka mzima hadi Tulinagwe alipoiendea na kuiamsha kwa namna aliyoijua yeye. Kata nyingine zilikuja kujifunza. Moja ya mjini iliiga hata migongo, ikageuza viti bila kujua sababu, na mkutano wao ukawa kichekesho cha wilaya. Tulinagwe alikwenda kuwaambia kwamba kila mahali pana kizuizi chake, nao watafute cha kwao. Miaka ilivyopita, wazee wa Ngonga walianza kukaa ubavu, kisha wakageuka zaidi kuwaelekea wasemaji, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyewahimiza. Heshima si utumwa, na wao walijua tofauti yake.

Mama Anyisile alifariki mwaka 2021, na Tulinagwe alimlilia kama mama aliyemzaa. Alistaafu utumishi wa umma tarehe 14 Machi 2024, akarudi kwenye mpunga na migomba, na kwa mara ya kwanza tangu utoto akafinyanga tena. Chungu alichompelekea mume wake kilikuwa na mdomo mpana.

Novemba mwaka huo alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa wilayani, kisha Mbeya, ambako wauguzi walimhudumia kwa upendo na familia inawashukuru. Alirudi nyumbani Julai mwaka huu, akiwa amedhoofu, akalazwa chumba chenye dirisha linaloelekea migomba. Hapo ndipo familia iliposhuhudia jambo ambalo haitalisahau. Redio yao ilikuwa imekwisha kuzikwa, na hapakuwa na mtu wa kusimama kati ya mkamwana na baba mkwe. Basi kila asubuhi mzee Ambrose, mwenye miaka tisini na moja, alikuja na fimbo yake hadi chini ya dirisha lile, akakohoa, na akauuliza mgomba kama mkamwana wake amelala vema na kama amekula. Ndani, Tulinagwe alikiambia kikombe cha uji kwamba amekula kidogo, na kwamba baba asisimame kwenye umande. Walizungumza hivyo kila siku hadi mwisho.

Asubuhi moja ya Agosti alikiambia kikombe jambo refu zaidi. Alisema anajua kwamba katika ukoo huu wasifu wa marehemu husomwa na mwanamume wa ukoo. Alisema amehudhuria mazishi mengi ya wanawake Ngonga, wengine wao walioongoza kamati na kuokoa mali ya kijiji, na kila mara maisha yao yalisimuliwa na wanaume, huku wakamwana wao waliowajua kwa jikoni na kwa shamba wakichutama nyuma ya nyumba. Alisema jambo hilo ruzuku haikulifikia, na yeye hakulifikia, na linamsumbua kuliko figo. Nje, fimbo ya mzee ikasikika ikienda.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Ngonga, Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mume wake akiwa amemshika mkono. Mzee alikuwa dirishani.

Ukoo ulikutana siku iliyofuata kupanga mazishi. Kama ilivyo kawaida, ilikubaliwa kwamba atakayesoma ni Ezra, mdogo wake Yusto, mwenye sauti nzuri na uzoefu mkubwa. Mzee Ambrose, ambaye alikuwa hajasema chochote tangu asubuhi ya jana yake, alikataa. Waliomkumbusha desturi aliwajibu kwamba desturi anaijua kuliko wao, ameishika tangu kabla hawajazaliwa, na ndiyo maana anajua mahali inapofika na mahali isipofika. Ezra alikuwa wa kwanza kukubali.

Marehemu ameacha mume, Yusto, baba mkwe, mzee Ambrose, watoto watatu, Gwamaka, Tuntufye na Tusajigwe, wajukuu watano, ndugu zake wa Ikombe na Matema, na wanawake wa Ngonga ambao leo wameketi pamoja na watu wengine wote.

Anayewasomea maneno haya ni Asifiwe, mke wa Gwamaka, mkamwana wa marehemu, aliyeolewa katika nyumba hii mwaka 2022. Baba mkwe wake, Yusto, ameketi mbele yake, na nyuma ya Yusto ameketi mzee mwenyewe aliyemchagua. Hajawahi kusema mbele yao hata siku moja. Sauti yake ikikwama hapa mwishoni, mngojeeni. Hatachutama.

Tulinagwe, mama yetu, Bwana akupe amani katika pumziko lako. Amina.